AC Iligoma Wiki ya Ntheo

Jumapili, tarehe 9 Februari

Joto! Leo mchungaji amehubiri kuhusu jehanamu na hakuna mtu Kitengela aliyeshtuka. Wenzangu walitoka kanisani wakijipepea na karatasi za nyimbo. Mimi nikarudi kwa baridi yangu.

Mimi Munguti ndiye mtu wa pekee mtaa huu aliye na AC ya nyumba nzima. Si ile ya sanduku moja ukutani kama ya hoteli. Hii inapuliza kutoka kwa dari ya kila chumba, hata choo. Nyumba niliinunua kwa Mzungu fulani aliyechukia vumbi la malori ya mawe. Alifunga madirisha yote kwa vioo visivyofunguka, halafu akachoka na vumbi hata hivyo, akaenda kwao. Syokau, mke wangu, alisema nyumba isiyo na dirisha la kufungua ni kaburi. Nikamwambia basi ni kaburi lenye baridi, aingie.

Jumamosi hii wanakuja wakwe. Binti yetu Ndanu ameposwa na Lemein, kijana wa Kimaasai, na babake Lemein, Mzee Sankale, analeta mbuzi watatu wa ntheo. Bila hao watatu, kwetu Wakamba msichana hajaolewa hata akizaa timu ya mpira. Sankale sijamwona kwa macho. Lakini tumeongea kwa simu, na nikamwambia waje na masweta. Alicheka. Atacheka akitetemeka.

Sasa siri. AC hutoa maji. Yanadondoka kutoka kwa paipu ndogo nyuma ya nyumba, na mtungi unajaa vizuri tu. Maji matamu! Huku maji ya kisima ni chumvi tupu, chai inakatika maziwa ukiiangalia. Chai ya kwangu haikatiki. Mashemasi husifu chai yangu kuliko maombi yangu. Syokau anajua maji hayo nachota Kiserian, kwa tangi la mvua la rafiki yangu mmoja. Hakuna tangi. Hakuna rafiki. Kiserian kuna nyama choma. Kila siku ya soko natoka hapa na mitungi nimeshajaza, nimeificha kwa buti ya gari. Nakula mbavu, narudi jioni nikishika mgongo kwa uchovu wa kuchota. Mpango hauna tundu.

Ila leo mchana Syokau alifukuza kuku nyuma ya nyumba, akaukaribia mtungi kabisa. Roho iliniruka. Basi nimeboresha mambo. Nimeunganisha mpira wa maji kwa ile paipu, nikaukaza na tyubu ya baiskeli, nikaupandisha juu ya ukuta wa stoo hadi kwa pipa lililo ndani. Ukuta wenyewe ni mrefu kunishinda. Hakuna mtu ataona chochote. Wakati mwingine najiogopa kwa hii akili.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

AC imekataa kuwaka! Imefanya kazi usiku, asubuhi kimya. Kisanduku cha ukutani kiko giza. Nimekibonyeza. Nimekipiga kofi. Nimetoa betri za rimoti ya TV nikaweka kwa rimoti ya AC, sasa zote mbili hazifanyi kazi.

Nikaangalia tokeni za stima. Ziko. Nikaenda kwa boksi la breka, nikazima zote nikawasha zote. Hakuna. Nikaenda kuangalia pipa langu stoo. Kavu! Hata tone moja. Mashine ni mgonjwa kweli, hata kukojoa imeshindwa.

Kufikia saa sita, sebule ilikuwa inapika. Syokau alihamia chini ya mpera na mboga zake, hakusema neno. Hilo neno ambalo hakusema nililisikia vizuri.

Nimempigia fundi Nick, anakaa Laiser Hill. Nick anajua AC na anajua kwamba anajua. Alisema hawezi kuja wiki hii, ana kazi ya chumba baridi cha maua. Lakini akaniuliza maswali. Akaeleza kwamba chini ya mashine kuna sinia la kukusanya maji, na ndani ya sinia kuna boya dogo, kama lile la tangi la choo. Maji yakikosa njia ya kutoka, boya linapanda na kuzima kila kitu ili nyumba isifurike. Kwa hivyo akataka kujua, maji yanatoka nje vizuri?

Wakati huo Syokau alikuwa ameingia kuchukua kisu. Amesimama hapo hapo. Nikamjibu Nick maji gani, mashine yangu haijawahi kutoa maji tangu niinunue. Nick akasema hiyo haiwezekani. Nikasema network imepotea, halo, halo, nikakata.

Fundi gani huyo, anaulizwa kuhusu baridi anajibu kuhusu choo.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Ndanu amekuja kutoka Kajiado anakofundisha. Ameingia sebuleni, ametoka. Ameniuliza kama tunakausha samaki. Nikamwambia AC iko kwa mapumziko, mashine za maana hupumzishwa kabla ya shughuli kubwa. Msichana huyu nilimsomesha mimi mwenyewe, na sasa elimu yote anaitumia kutoniamini.

Halafu akatupa habari nyingine kama kitu cha kawaida. Ati Mzee Sankale huuza mbuzi soko la Kiserian. Ati yuko huko kila siku ya soko.

Nilimeza chai ikapita njia mbaya. Syokau alinigonga mgongoni akasema vizuri sana, kumbe mkwe atakuwa anajua tangi la rafiki yangu. Nikasema Kiserian ni kubwa. Akasema si kubwa hivyo.

Jioni akafika ndugu yangu mdogo, Ngui wa Tuala. Hakualikwa, lakini shida yangu akiwa Tuala anaisikia. Ngui anakodisha mahema na viti, na tangu aanze hiyo biashara anatembea kama waziri. Alisimama mlangoni, akaweka mkono ndani kama mtu anayepima maji ya kuoga, akautoa. Akasema kwake kuna miti, kuna upepo, kuna hema jeupe lenye mapazia. Akasema mtoto ni wetu sote. Akasema bila malipo!

Hiyo ya bila malipo ndiyo iliniuma. Nikamwambia mbuzi wa ntheo huletwa kwa baba wa msichana, si kwa mwenye mahema. Akatabasamu na yale meno yake.

Jumatano, tarehe 12 Februari

Nimeamua kufanya mwenyewe. Nimetazama video za mafundi mpaka bando ikaisha. Nimefungua lile dude la nje lenye feni. Ndani nimekuta mjusi mfu, mifupa na mkia. Adui amepatikana! Nimemzika. Nimewasha. Kimya.

Labda mjusi hakuwa peke yake. Nikatafuta. Nikapata skrubu tatu ambazo sikumbuki zimetoka wapi. Nimeziweka mfukoni, mashine isilemewe.

Nikarudi kwa breka tena, nikazima moja moja, nikisikiliza. Halafu jirani akaniita nje kuniuliza kama ni kweli mbuzi wanakuja, tukaongea siasa kidogo, nikasahau. Breka ya friza ilibaki chini mpaka jioni. Kuku wa Jumamosi wote wameyeyuka, na kwa joto hili wamelainika kuliko inavyotakiwa. Syokau amewapika wote leo. Tumekula kuku mpaka tukachukia kuku. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba nisiguse kitu tena. Akasema, Baba Ndanu, kaa chini.

Nimekaa chini. Nimekaa nikapata wazo.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Wazo: barafu! Unaweka barafu kwa beseni, unaweka feni nyuma yake, unafunika na pazia. Upepo unatoka baridi, mgeni anaangalia dari, anasema kumbe AC. Nani atajua?

Barafu nyingi Kitengela iko kwa mama muuza samaki. Nilimbembeleza akanipa magunia mawili. Nikapanga mabeseni sebuleni, feni tatu, pazia la harusi yetu. Nikawasha. Aisee, upepo! Kwa muda kidogo nilikaa pale nikajisikia niko Limuru.

Halafu harufu ikaanza. Barafu ile ilikuwa imelala na tilapia muda mrefu. Na feni tatu zinapuliza hiyo harufu kila kona ya nyumba isiyofunguka dirisha. Paka wa mtaa mzima wamepanga foleni kwa mlango. Mmoja ameingia, amezaa kwa kabati la Syokau.

Mkuu wa paka, yaani Syokau, alinikuta nikimwagia barafu manukato yake. Sitaandika alichosema. Ni Mkristo, na atajutia.

Ijumaa, tarehe 14 Februari

Ndanu amelia.

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kelele nazijua. Aliketi kwa ngazi ya mbele, akasema hajali baridi, hajali masweta, hajali Ngui. Alisema alitaka jambo moja tu, atoke kwa mlango huu. Mlango ambao mimi na mamake tulipiga rangi wenyewe, naye akiwa mdogo akashika brashi akajipaka mpaka nywele. Alisema anataka mamake Lemein amkute ndani ya nyumba ya babake. Lakini mamake Lemein ana presha, na shosho, nyanya yao, ni mzee sana, na kuwafungia kwa hii nyumba ni kuwaua. Nikasema tutakaa nje. Akaangalia nje. Nje kuna mpera mmoja, kuku, na vumbi la malori. Kwa hivyo kesho ni kwa Ngui, Tuala. Akaniomba nimpigie Sankale simu leo, nimwelekeze.

Nilimwambia nitapiga. Niliona vile anavyopangusa macho na kiganja, vile vile kama alivyokuwa mdogo, na roho iliniuma vibaya. Baba mzima nimeshindwa kumpa mtoto chumba.

Nilichukua simu. Nikaweka jina la Sankale hapo. Nikafikiria Ngui amesimama chini ya hema lake na mapazia, anapokea mbuzi wangu, anaitwa baba.

Simu imeisha chaji. Yaani, itaisha. Nimewasha tochi yake iishe.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Naandika mkono ukiuma. Mambo yote niyaweke kwa mpango.

Asubuhi Ngui alikuwa Tuala amepanga viti. Ndanu amevaa, Syokau amepakia masufuria kwa gari. Mimi nilikuwa natafuta ufunguo, na nilikuwa nautafuta polepole kwa sababu uko kwa soksi yangu. Ghafla, lori dogo kwa geti. Mbuzi! Na nyuma yake watu wa Sankale, wazee, kina mama, shosho, vijana wawili. Wote wamevaa masweta. Shosho amevaa mawili na shuka juu.

Ndanu aliniangalia. Nikasema ni ajabu, simu za siku hizi. Akaingia jikoni.

Sankale alinisalimia sopa, nikaitikia ipa kwa sauti kubwa, macho nikiyaweka chini. Aliniangalia sana. Akauliza kama tumewahi kuonana. Nikasema uso wangu ni wa kawaida.

Vijana wakauliza wafunge mbuzi wapi. Mpera umejaa kuku. Nikawaelekeza nyuma ya nyumba, wawafunge popote. Nikawaingiza wageni sebuleni, ningefanya nini? Bado kulinukia tilapia. Mlango nimeuacha wazi, vumbi na inzi wakaingia pamoja na wakwe. Jasho! Masweta yakaanza kutoka moja moja. Mamake Lemein akajipepea na sahani. Shosho akafumba macho, na mama mmoja akamgusa kuhakikisha. Hapo ndipo Ngui akafika kutoka Tuala na pikapu ya mahema, amekasirika mpaka shingo imevimba. Akasema mbele ya watu wote tuache mchezo, waamke waende penye hewa. Sankale akaanza kuinuka. Niliona Ndanu kwa mlango wa jikoni, ameshika trei ya vikombe.

Nilisimama nihutubie. Sikuwa na hotuba. Nikasema wakwe wapenzi, nikakosa lingine, nikageuka nikapiga kile kisanduku cha ukutani ngumi kwa nguvu zangu zote.

Na AC ikawaka!

Haki ya Mungu. Taa ya kijani, mngurumo, halafu upepo kutoka dari, chumba baada ya chumba. Shosho akafumbua macho akauliza sweta lake liko wapi. Wazee wakapiga makofi. Nikaonyesha ngumi yangu juu. Nikamwambia Ngui arudishe mahema yake kabla upepo haujayabeba.

Furaha haikukaa. Kijana mmoja wa Sankale aliingia akicheka, akamnong'oneza mzee kwa Kimaa. Sankale naye akacheka, akatangaza kwa Kiswahili safi kwamba nyumba yangu inakojoa. Watu wote nje! Nyuma ya nyumba, yule beberu mkubwa walikuwa wamemfunga kwa paipu yangu. Alivuta. Alivuta mpaka mpira wote ukachomoka pamoja na tyubu ya baiskeli, na sasa maji yanatiririka kwa paipu wazi na mbuzi watatu wanakunywa bila kupumua. Kando yao kuna karai ya maji ya kisima ambayo hawajagusa. Sankale akainama, akachovya kidole, akaonja. Matamu, akasema. Mtu wa mifugo hawezi kunyamaza akiona maji matamu.

Halafu akasimama, akaniangalia tena, uso ukafunguka. Akapiga paja. Akasema sasa amenikumbuka! Mzee wa mbavu! Yule wa Kiserian, anayekaa kwa kona ya bucha kila siku ya soko na kuagiza ya mafuta!

Syokau aliangalia paipu. Akafuata mpira kwa macho, juu ya ukuta, hadi stoo. Akaangalia birika la chai mikononi mwake. Aliuliza, kwa upole wa kutisha, kama mashemasi wote wamekuwa wakinywa jasho la mashine. Mwaka mzima, akasema. Na mgongo ulikuwa unakandwa na mimi, akasema.

Sankale akanyoosha kikombe chake. Akasema yeye amekunywa maji ya ng'ombe, ya ngiri na ya serikali, na hii ndiyo chai nzuri kuliko zote, amwongeze. Mamake Lemein akaanza kucheka. Halafu nikasikia Ndanu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu Jumanne sijasikia hiyo sauti. Syokau akajaribu kukaza uso, akashindwa, akamwaga chai kwa kikombe cha mkwe na kwa kiatu changu.

Basi ntheo imefanyika. Ndani, kwa baridi. Ndanu alitoka chumbani kwake, akapita mlango wetu, akamsalimia shosho aliyekuwa amevaa masweta yake mawili. Machozi yalinitoka hadharani. Niliwaambia ni AC, inapuliza kwa macho. Jina langu jipya kwa Sankale ni Pakine, ndivyo Wamaasai huitana watu waliopeana mbuzi. Ngui alikula mara tatu.

Beberu tumemchinja jioni. Alikuwa mtamu, ingawa mgumu kidogo shingoni, kwa sababu ya kuvuta.

Jumapili, tarehe 16 Februari

Hukumu ya Syokau: hakuna tena Kiserian, hakuna tena chai ya mashine, na nikawaombe mashemasi msamaha mmoja mmoja. Wawili wameomba mtungi wa kubeba.

AC inafanya kazi vizuri sana. Nick alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, unaanza na maji na boya tena. Sikusikiliza hadi mwisho. Nilimjibu asisumbuke, tiba ni ngumi, na nikampa ushauri ajaribu kwa wateja wake.

Lakini kumwaga maji mazuri vile ardhini, kweli? Syokau alikataza kunywa. Hakukataza kujaza betri za gari. Hakukataza rejeta. Madereva wa malori ya mawe wangenibeba mabegani! Kwa hivyo akiwa kwa mkutano wa akina mama nimerudisha mpira wangu. Nimekaza na waya badala ya tyubu. Nimeupitisha juu zaidi, juu ya paa la stoo kabisa, ambapo hakuna mbuzi atafika.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

AC imekataa kuwaka.

Nimepiga kisanduku ngumi mpaka mkono umevimba. Pipa stoo ni kavu. Huyu ni Ngui! Jumamosi nilimwona akiangalia dari sana akitafuna. Mtu akitafuna nyama yako huku anaangalia dari yako, ana neno.

Nimemweleza Syokau kwamba ngumi haitoshi, inahitajika spea. Spea ya aina hii haipatikani Kitengela. Nimeulizia. Iko duka moja tu, Kiserian, mlango wa pili kutoka kwa bucha, na mwenye duka hufungua siku ya soko peke yake.